SINDANO SI HIRIZI



Mara nyingi kurasa hizi hujaa maneno ya mishahara, saa za kazi na nyumba za kukaa, na ndivyo ipasavyo, kwa kuwa chama ni cha wafanya kazi. Leo twaomba nafasi tulete neno jingine. Ni habari ya sindano: ile dawa ya unga iliyo ndani ya kichupa, ichanganywayo na maji, kisha hudungwa takoni au mshipani ili kuua vijidudu vya maradhi. Huenda mtu akauliza, hayo si ya waganga? Sisi twajibu: ni ya waganga kweli, lakini tako ni letu, fedha ni zetu, na siku ya kazi ikatwayo ni yetu. Msomaji akivumilia mpaka mwisho ataona ya kwamba tumerudi palepale pa mishahara.

YALIYOMPATA MWENZETU

Sisi tuandikao ni watu wa Mkomani, Lamu, tufanyao kazi za reli upande wa Mombasa. Kwetu Lamu hakuna reli. Tumeahidiwa tu, na ahadi haibebi abiria. Basi hutubidi kuacha nyumba zetu za mawe na vichochoro vyetu, tukaenda kushika mtaimbo na koleo. Elimu yetu ni ya msingi, ile ya shule ya misheni, kwa hiyo hatuandiki kama wataalamu. Twaandika tuliyoyaona kwa macho, na yale tuliyoyauliza kwa wenye kujua.

Mwenzetu mmoja wa gengi, ambaye pia ni jirani yetu wa mtaa, aliangukiwa na bamba la kuungia reli. Likamchana muundi wa mguu, jeraha la urefu wa kidole. Kontrakta aliyetuajiri hakuwa na hata kitambaa cha kufungia. Tuliosha kidonda kwa maji ya kunywa, tukakifunga kwa kipande cha shati, na mwenzetu akaendelea kupanga kokoto mpaka jioni, kwa maana asiyemaliza siku halipwi siku.

Usiku wa tatu homa ikampanda na mguu ukawa moto. Hakwenda hospitali. Alikwenda duka la dawa, akaeleza habari zake akiwa amesimama, na kijana wa duka akamdunga sindano ya seftriaksoni bila kumpima, bila kumwuliza kama dawa za namna hiyo zimewahi kumdhuru, wala bila kufungua kidonda akitazame. Siku ya pili akadungwa tena. Siku ya tatu uchungu ulikuwa umepungua na fedha zilikuwa zimepungua zaidi. Akaacha. Akarudi njiani kwetu, sote tukasema, "Ahaa, sindano ni dawa ya kweli!" Hata sisi tuandikao tulisema hivyo. Hatujitoi.

Majuma mawili baadaye tulikuwa tunakwenda nyumbani kwa Maulidi. Tulipovuka kutoka Mokowe, mwenzetu hakuweza kupanda ngazi za gati. Ilitubidi kumshika makwapa. Mama yake alipouona ule mguu alisema, "Mwanangu, vidonge ni vya watoto. Mtu mzima hudungwa." Akaitwa mtu wa mtaani ajuaye kudunga. Akamdunga dawa ileile siku mbili, na mguu ukazidi kujaa. Siku ya tatu tulimtia katika mkokoteni tukampeleka hospitali.

Daktari alitazama mara moja akasema, humu mna usaha, na usaha hautibiwi kwa sindano peke yake, sharti utolewe. Dawa husafiri kwa damu, na ndani ya jipu lililofunga damu haipiti vizuri, kwa hiyo hata ukidungwa kila siku vijidudu hukaa mle ndani wakistarehe. Akapasua, akatoa usaha, na kiasi kidogo akakipeleka maabara ili vijidudu wapandwe na kujaribiwa kwa dawa mbalimbali. Majibu yaliporudi ilionekana kwamba vijidudu vile havikuijali ile seftriaksoni. Akapewa dawa nyingine, nayo ikamfaa.

Mguu umepona, ila bado anachechemea. Lakini kazi hakuikuta. Kontrakta alikuwa amekwisha kuajiri mtu mwingine, na alipoulizwa alisema, "Leteni karatasi ya daktari ya siku ile ya kwanza." Karatasi haikuwapo, maana duka haliandiki karatasi.

SINDANO ILIPATAJE HESHIMA HII?

Tusiwacheke mama zetu. Imani hii ya sindano ina asili yake, na asili yake ni ya kweli.

Wazee wa pwani wanaikumbuka buba, maradhi ya vidonda yaliyowala watoto ngozi na kuwala wakubwa mifupa. Katika miaka ya 1920 waganga wa serikali katika Kenya walikuja na sindano za dawa ya bismathi, na watu waliona vidonda vikikauka. Baadaye ikaja penisilini, ile ikaayo mwilini kwa majuma, na sindano moja ikatosha. Tangu 1952 hata 1964 Shirika la Afya Duniani na shirika la watoto la Umoja wa Mataifa waliendesha kazi hiyo katika nchi 46, wakatibu watu kama milioni 50, na buba ikapungua kwa asilimia kama 95. Mtu aliyeona mtoto wa jirani anatoka katika vidonda kwa sindano moja, utamwambia nini juu ya kidonge?

Lakini sikilizeni mwisho wa hadithi. Mwaka 2012 watafiti waliofanya kazi katika Papua New Guinea walionyesha kwamba kidonge cha azithromaisini, kimezwacho mara moja tu, huponya buba sawasawa na ile sindano ya penisilini. Ugonjwa uleule uliomfundisha babu kuiheshimu sindano, leo hutibiwa kwa kumeza. Basi sifa ilikuwa ya dawa, haikuwa ya chuma.

Na hapa ndipo penye kiini. Sindano si dawa. Sindano ni njia. Ni kama njia yetu ya reli: si njia ishibishayo watu, ni shehena iliyo ndani ya behewa. Ziko dawa zisizoweza kupita tumboni, kama seftriaksoni na jentamisini, nazo sharti zipite kwa sindano. Ziko nyingine, kama amoksilini, ambazo tumbo huzipokea vema, na mgonjwa awezaye kumeza, asiyezidiwa, hapati faida yoyote kwa kudungwa. Hupata uchungu na gharama.

WAKATI SINDANO NI LAZIMA

Tusije tukaeleweka vibaya. Hatusemi sindano ni mbaya. Kuna saa ambayo bila sindano mtu hufa, na saa hiyo haingojei mwisho wa mwezi.

Mtoto mchanga asiyenyonya, mwenye homa au mwenye baridi isiyo ya kawaida, aliyelegea, huyo huhitaji penisilini au ampisilini pamoja na jentamisini, tena upesi. Mtu mwenye homa, shingo ngumu na fahamu zinazopotea, huenda ni homa ya uti wa mgongo, na hapo seftriaksoni ni katika dawa zitumainiwazo kwanza. Mtoto mwenye nimonia kali asiyeweza hata kunywa maji ni hivyohivyo. Mama mjamzito mwenye kaswende huponywa kwa penisilini ya kukaa mwilini, na kwa kumponya yeye mtoto wa tumboni huokoka. Vijana ambao moyo wao umeharibiwa na homa ya baridi yabisi huchomwa penisilini hiyo kila majuma matatu au manne kwa miaka mingi, na hao wasiache.

Hapa pwani kwetu, Kilifi, watafiti walipima damu ya watoto waliolazwa hospitalini, na mwaka 2005 wakachapisha habari zao: karibu robo ya watoto waliokufa mle walikuwa na vijidudu vya bakteria ndani ya damu. Watu wengi walidhani kila homa ya mtoto ni malaria. Basi mzazi asikae nyumbani akijaribu hili na lile. Akimbilie hospitali, na akiambiwa mtoto adungwe, akubali.

Juu ya malaria, mafua na kikohozi cha kawaida, sindano hizi tunazozitaja hazifanyi kitu. Mafua huletwa na virusi, na virusi hawasikii penisilini wala seftriaksoni. Malaria ina dawa zake nyingine. Vilevile ile sindano ya kuzuia pepopunda, ambayo kila mtu wa gengi aliyekatwa na chuma anapaswa kuiulizia, si dawa ya kuua vijidudu vya kidonda, ni chanjo. Ukipata moja usidhani umepata zote mbili.

MADHARA TUSIYOAMBIWA DUKANI

Kuna watu ambao damu yao haipatani na penisilini au jamaa zake. Kwa mtu wa namna hiyo sindano moja huweza kuvimbisha koo na kumkata pumzi katika dakika chache. Hospitalini kuna adrenalini ya kumwokoa. Nyuma ya pazia la duka ina nani? Tena sindano ikidungwa mahali pasipo pake takoni huweza kuugusa mshipa mkubwa wa fahamu ukaao pale, na mtu akaburuta mguu maisha yake. Jentamisini ikipita kiasi huharibu figo na masikio. Seftriaksoni iliyochanganywa na dawa ya ganzi kwa ajili ya takoni haifai kabisa kutiwa mshipani. Na sindano iliyokwisha kutumiwa kwa mtu mwingine huweza kukuletea Ukimwi au ugonjwa wa ini. Haya yote anayajua aliyesomea kazi. Anayetembea na sindano mfukoni hayajui, au anayajua akanyamaza.

Kwetu Lamu hata punda wana kituo chao cha matibabu tangu 1987, na punda akiumwa hutazamwa kwanza ndipo atibiwe. Mtu je?

MFUKO WA WOTE

Sasa tufike penye jambo kubwa. Watu husema, "Mwili wangu umeizoea dawa." Si kweli. Mwili hauzoei, ni vijidudu ndivyo vinavyozoea. Ukidungwa dawa isiyo yake, au kiasi kidogo, vijidudu dhaifu hufa na vile vigumu hubaki. Vigumu huzaa vigumu. Na havikai kwako peke yako: huenda kwa mkeo, kwa mtoto, kwa jirani, kwa mgonjwa wa kitanda cha pili. Huyo jirani hakupata kudungwa hata mara moja, lakini siku akiugua, dawa haitamfaa.

Kila mmoja wetu anajua mfuko wa kufa na kuzikana. Kila mtu hutia kidogo, na fedha hukaa zikingoja msiba. Je, tungemwachia mtu achukue fedha za mfuko ule kwa ajili ya sherehe ya harusi? Hata kidogo. Basi dawa hizi ni mfuko wetu sote. Kila adungwaye seftriaksoni kwa ajili ya mafua amechota katika mfuko, na siku ya msiba utakutwa mtupu. Hii si hofu ya bure. Wataalamu waliohesabu vifo vya mwaka 1 wameona kwamba katika 2019 pekee watu kama milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu vijidudu vilizishinda dawa.

Jambo hili lilionekana tangu mwanzo. Alexander Fleming aligundua penisilini katika London mwaka 1928. Mwaka 1945, aliposhiriki Tuzo ya Nobel pamoja na Florey na Chain, alionya mbele ya watu wote kwamba atakayejitibu kwa kiasi kidogo mno atawafundisha vijidudu kuivumilia dawa. Na kabla ya hapo, Februari 1941 katika Oxford, mgonjwa wa kwanza kutibiwa kwa penisilini iliyoandaliwa na akina Florey alikuwa polisi, Albert Alexander, aliyeoza uso kwa jeraha dogo. Alianza kupata nafuu, homa ikashuka, akala chakula. Dawa ilikuwa chache hata wakawa wanaichuja katika mkojo wake ili wamdunge tena. Ikaisha kabla vijidudu havijaisha. Machi mwaka uleule akafa. Yeye aliikosa kwa kuwa duniani haikuwapo zaidi. Sisi tunayo, tena tunaiacha katikati kwa kuwa uchungu umepoa au mfuko umetoboka.

Hatusemi siku nyingi ndizo bora. Waganga wa leo wameona kwamba maradhi kadhaa hutosheka na siku chache kuliko zamani, na mara nyingi mgonjwa akipata nafuu huondolewa kwenye sindano akapewa vidonge. Lakini hesabu ya siku ni ya mganga aliyekupima, si ya mfuko wako wala ya kijana wa duka. Shirika la Afya Duniani limezigawa dawa hizi: ziko za kuanzia, ziko za kuangaliwa sana, na ziko za akiba ya mwisho. Seftriaksoni imo katika zile za kuangaliwa sana. Mwaka 2024 mataifa yalikubaliana kwamba ifikapo 2030 asilimia 70 ya dawa hizi zitumiwazo ziwe za lile fungu la kwanza, la kuanzia. Na sisi huinunua ile ya pili kama soda.

KWA NINI MFANYA KAZI HUENDA DUKANI?

Tumekwisha kujilaumu, sasa tuseme na upande wa pili. Wakubwa hupenda kusema mfanya kazi ni mjinga. Mwenzetu hakwenda duka kwa ujinga. Alikwenda kwa hesabu. Hospitali ni foleni ya siku nzima, na siku nzima ni mshahara wa siku. Duka ni dakika kumi. Mtu alipwaye kwa siku hununua dakika.

Basi dawa ya jambo hili ni mbili, na ya pili ndiyo kazi ya chama.

Sheria iko. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 30, yasema mfanya kazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo anastahili katika kila miezi kumi na miwili likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili, na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara. Sharti lake ni cheti cha daktari, au cha yule asimamiaye zahanati kwa niaba yake. Someni hapo mara mbili! Duka halitoi cheti. Kwa hiyo kila aliyekwenda kudungwa dukani amelipa mara mbili: amelipia sindano, na ameitupa haki yake ya siku 7. Kifungu cha 34 kinamtaka mwajiri aangalie mfanya kazi wake apate dawa zinazofaa akiwa mgonjwa. Sheria ya fidia kwa waumiao kazini, ya mwaka uleule, inamtwika mwajiri gharama za matibabu ya aliyeumia kazini. Na sheria ya usalama wa kazini, nayo ya 2007, inataka sanduku la huduma ya kwanza. Lile bamba lilipomwangukia mwenzetu sheria hizi zote zilikuwa hai. Zilikuwa hai, ila hazikuwapo njiani.

Tena tangu Oktoba 2024 twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya bima mpya ya afya. Aliyekwisha kukatwa asione haya kwenda kudai alichokikatiwa.

Zamani njia ya reli kutoka Mombasa ilipojengwa, kati ya 1896 na 1901, watu karibu 2,500 walikufa. Simba wa Tsavo wamepata sifa zote, lakini simba hawakula hata sehemu ndogo ya hao. Walio wengi waliuawa na maradhi, na vidonda vya miguu vilikuwa miongoni mwa mateso yao ya kila siku. Wakati ule penisilini haikuwapo. Leo ipo. Mtu wa reli akifa leo kwa kidonda cha muundi, hatuwezi kuwasingizia simba.

YATUPASAYO

Kwa hiyo twaleta mbele ya tawi maneno haya, yajadiliwe katika mkutano ujao.

Kwanza, kila mwanachama aliyeumia aandikishe jeraha lake siku ileile, hata likiwa dogo, mbele ya mwakilishi wa chama. Pili, asikubali kudungwa na mtu asiyempima, na akidungwa aulize jina la dawa, sababu yake na idadi ya siku, kisha azitimize. Tatu, mganga akimwambia kidonge chatosha, asimshurutishe amdunge. Nne, chama kiwaandikie waajiri wote, makontrakta wakiwamo, kuuliza sanduku la huduma ya kwanza liko wapi, nani ameshika ufunguo, na je, siku za ugonjwa hulipwa? Asiyejibu jina lake lisomwe mkutanoni. Tano, mwenzetu yule mwenye kuchechemea adaiwe fidia yake na chama, maana peke yake amekwisha kujaribu, na mlango ulifungwa.

Mficha maradhi, kifo humuumbua; na anunuaye sindano gizani ni mficha maradhi vilevile, ila yeye hulipia.

Wiki iliyopita tulipita nyumbani kwake Mkomani. Alikuwa amekaa barazani, mguu ameunyosha. Mama yake alitutazama akasema, "Wanangu, kumbe ningemtuma hospitali siku ya kwanza." Hatukuwa na jibu, kwa kuwa na sisi tulikuwapo siku ya kwanza, tena tulisifu. Ndiyo maana tumeandika.

Sisi wanachama wenzenu, wa Mkomani, Lamu.